Nilivyompoteza mamangu Kordoba, nikamkuta matangani

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wakubwa shikamooni, wadogo nanyi nawakumbuka.

Haya ninayoyaleta yamenipata mimi na mzazi wangu aliye hai, kwa hiyo chumvi siwezi kutia. Mtu huwezi kumzulia mamako uongo mbele ya watu halafu ukalala usingizi. Uzi ni mrefu kidogo, chukueni chai.

Mimi ni wa Msambweni. Kazi yangu iko Diani, kwenye tour desk ya hoteli moja ambayo sitaitaja. Ndimi yule jamaa anayekuuzia safari ya Funzi, anakwambia "kesho saa mbili usichelewe," halafu asubuhi anasimama mlangoni mwa basi akihesabu vichwa.

Miaka yote hiyo nimewacheka sana wageni wanaopotea. Kila group lina wake. Wewe unasema twende kushoto, yeye amebaki nyuma anampiga picha mbuzi.

Mwaka huu kampuni moja inayotuletea wageni kutoka Uhispania ikatualika sisi watu wa tour desk tukaone kwao. Safari ya kikazi, ila kila mmoja aliruhusiwa kuandamana na mtu wake wa nyumbani.

Mimi nikajua ni mke wangu Mwanasha, hapana mjadala. Nikaenda nyumbani na furaha zangu. Mwanasha akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mchukue mayo."

Mayo ni mamangu. Sisi Wadigo ndivyo tunavyomwita mama.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana bila hapa hamtaelewa kilichonitoa machozi kule mbele.

Mamangu alikuwa mtu wa watu. Kukitokea msiba Msambweni, yeye ni katika wa kwanza kufika. Kabla masufuria makubwa hayajaletwa, yeye ashajifunga leso kiunoni. Ndiye muosha maiti wa kike. Ndiye anayejua nani ana presha asiachwe peke yake, na nani akizidi kulia apelekwe chumba cha ndani. Msiba ukiwa Vanga, atakwenda Vanga, na ile barabara mnaijua. Tulikuwa tukimtania kwamba yeye hupata habari kabla ya anayekufa.

Kisha baba akafariki.

Mji mzima ulikuja. Walitoka mpaka mashambani huko bara, Waislamu na Wakristo, wengine wamebeba kuku na mahindi. Mayo akakaa eda yake, akatoka eda. Lakini nyumbani hakutoka.

Ukatokea msiba mtaa wa pili tu. Mayo akavaa buibui, akafika mlangoni, akasimama. Akarudi ndani, akavua. Akasema magoti yanamuuma.

Kuanzia siku hiyo kila msiba akawa na magoti. Watu wakaanza kunong'ona, na hamuwezi kuwalaumu. Pwani watu watakusamehe mengi, lakini kutokwenda kuhani, yaani kuwapa mkono wafiwa, hilo hawalisahau. Mimi ya watu sikuyajali sana. Kilichonitia hofu ni kwamba nilimwona mamangu anapungua kila siku, anakaa chumba cha nyuma, chakula anakigusa tu, ukimsemesha anakujibu "naam" basi. Nilikuwa nishamzika baba. Sikutaka kumpoteza mamangu naye yungali hai.

Ndiyo maana Mwanasha akasema nimchukue. Mungu amlipe mke wangu yule.

Mambo ya viza nawarukisha, yana uzi wake. Kwenye ndege mayo alivuta tasbihi njia nzima, chakula akakirudisha na kifuniko chake.

Group letu lilikuwa la Wakenya watupu, wengi wao wa Nairobi. Nilizoeana na mmoja anaitwa Kevo, kijana wa agency, maneno mengi lakini roho nzuri. Guide wetu alikuwa mama wa Kihispania, Pilar, anashika mwavuli mwekundu juu ili tumwone. Kila mtu akapewa kidude cha sikioni, yeye anaongea mbele, wewe unasikia hata ukiwa nyuma. Kiingereza. Mayo Kiingereza chake ni "yes" na "thank you", akakivua, akakitia mkobani pamoja na tasbihi.

Siku ya tatu au ya nne tukafika Kordoba. Mji wa kale huo wakuu. Ukuta juu ya ukuta, kila jiwe limewahi kuwa la mtu mwingine. Na joto lake si letu. La kwetu lina upepo wa baharini unakuonea huruma, lile linakusimamia tu kichwani.

Tukaingizwa ule msikiti wao wa zamani ambao sasa ni kanisa. Nguzo hazihesabiki, matao mekundu na meupe. Najua mnangoja niseme mayo alilia pale. Hakulia. Alitazama juu, akasema "mashallah," kisha akaniuliza choo kiko wapi. Mimi ndiye niliyesimama nimepigwa na butwaa kwa niaba ya ukoo.

Tukatoka, tukaingia vichochoroni. Njia nyembamba, nyumba nyeupe, milango wazi, ndani kila nyumba ina ua wenye maua mpaka juu ya paa. Ilikuwa jioni, saa yetu ya Maghrib ishapita zamani lakini jua la kule halina habari, kweupe pe. Pilar akasimama kwenye kipande cha ukuta akaanza historia. Mimi narekodi video za kutuma kwa wenzangu wa kazini.

Kevo akanigusa bega. "Buda, mathe wako ako wapi?"

Nikageuka. Mayo hayupo.

Wakuu, sijui niwaeleze vipi. Dawa zake za presha ziko begini mwangu. Simu yake iko begini mwangu, nilimnyang'anya asije akaipoteza. Jina la hoteli hajui. Yeye na mji ule hawajuani hata kwa salamu. Na mimi, mtu wa kuhesabu vichwa vya watu, nimeshindwa kuhesabu kichwa kimoja cha mamangu.

Pilar hakunipigia kelele. Alisema basi linatungoja ng'ambo ya mto, atawapeleka wengine wakae kwenye baridi ya basi, kisha atarudi kunisaidia. Mimi sikungoja amalize.

Nikakimbia nikirudi tulikotoka. Naita "Mayo! Mayo!" kichochoro kwa kichochoro. Watu wanachungulia madirishani. Baadaye niliambiwa neno hilo kwao ni mwezi wa tano, kwa hiyo waliona mtu mweusi mrefu anakimbia akililia mwezi uliokwishapita. Nacheka sasa. Pale nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua, hata ile ya kuingia chooni nadhani niliisoma.

Nikapinda kona moja, nikaona viti.

Viti vile vya plastiki vyeupe. Nje ya nyumba, vimepangwa ukutani. Wameketi wanawake wazee, wanazungumza polepole. Upande wa pili wa njia, kwenye benchi, wazee wa kiume peke yao. Mlango uko wazi wote.

Na pale mlangoni, pembeni, zimepangwa vizuri ndara mbili za kahawia nilizomnunulia mamangu Ukunda.

Nani mwingine Kordoba nzima angevua viatu kwenye mlango wa watu? Nikavua vyangu pia, bila kufikiri, nikapiga hodi kwa Kiswahili, nikaingia.

Ndani ni ua, kuta nyeupe, vyungu vya maua vya buluu kila mahali, kisima katikati. Mayo amekaa chini sakafuni, miguu ameikunja upande, leso ameitanda kichwani. Ubavuni mwake, kwenye kiti kifupi, amekaa bibi kizee amevaa nguo nyeusi kuanzia juu mpaka chini. Wameshikana mikono. Wote wawili wanalia. Mwanamke mwingine amesimama nyuma yao anawapepea kwa kipepeo cha kukunja, mara huyu, mara yule.

Nikajikuta nimemwambia yule bibi "shikamoo." Akaitikia kwa kichwa kama kwamba ameelewa.

"Mayo! Mji mzima nakutafuta!"

"Punguza sauti," akasema, hata hakunitazama. "Nyumba ya msiba haiingiwi hivyo. Kaa chini."

"Msiba wa nani?"

"Sijauliza. Mtu hufika akatoa mkono kwanza. Mengine utaambiwa."

"Na umejuaje kama pana msiba hapa?"

"Kwani wewe hukuviona viti?"

Hapo ndipo nikaelewa. Wakuu wa bara huenda hamjui, lakini kwetu ukiona viti vya kukodi vimepangwa nje ya nyumba, ni arusi au ni matanga. Kama husikii ngoma wala vigelegele, ni matanga. Wanawake huku, wanaume kule, mlango wazi, mwenye nyumba kavaa nyeusi. Angekuwa Mdigo yeyote mwenye adabu zake angetoka kwenye mstari akaingia. Kusema kweli na mimi nilipita pale pale nusu saa kabla. Nilikuwa natazama simu.

Yule mwenye kipepeo alijua Kiingereza. Jina lake Carmen, rika langu, na yule bibi ni mamake, anaitwa Rafaela. Nikamwomba radhi mpaka ulimi ukanikauka. Nikamwambia kwamba mamangu amedhani wamefiwa.

Carmen akasema, hapana, hakuna aliyekufa. Nyumba zao kiangazi zinakuwa tanuri, kwa hiyo kila jioni majirani wanatoa viti wakapunge upepo. Tangu zamani ndivyo wanavyofanya.

"Mamako alikuja," akasema, "akampa mkono kila mtu kuanzia kiti cha kwanza. Alipofika kwa mamangu akamshika mikono miwili, akawa anasema neno moja tu. Tukadhani anaumwa. Nikaenda kuleta maji. Niliporudi, mamangu analia, na mimi sijamwona akilia kwa miaka."

"Neno gani?"

"Pole," akasema. Alilitamka vizuri kabisa. "Maana yake nini?"

Nikamweleza nilivyoweza. Carmen naye akanieleza la kwao.

Babake alifariki wakati ule wa korona. Alichukuliwa hapo hapo mlangoni, hawakumwona tena. Makaburini alikwenda Carmen peke yake na padri. Mamake alikuwa ndani kafungiwa, majirani wamefungiwa, mtu na dirisha lake. Watu walipofunguliwa ilikuwa imepita miezi. Kila mtu ana wafu wake na uchovu wake, na hakuna aliyejua aanzie wapi. Wakaanza tena kutoa viti jioni, wakazungumza juu ya bei na joto. Bi Rafaela akavaa nyeusi yake, akawa anakaa nao.

"Hakuna mtu aliyewahi kuingia humu akamshika mkono kwa ajili ya baba," akasema Carmen. "Wa kwanza ni huyu."

Nikamgeukia mayo nikamtafsiria neno kwa neno. Alisikiliza bila kuuachia mkono wa mwenziwe.

"Hakuja hata jirani?"

"Walikatazwa, mayo. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali."

Akatafakari.

"Basi mimi nimekosea nini?" akasema. "Matanga yapo. Ni watu tu waliochelewa."

Nikakaa chini.

Na hapo hapo, bila mimi kumuuliza, akaanza kusema. Maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima.

"Babako alijiwa na mji mzima. Wengine walilala nje kwa baridi. Nami nikawalipa kwa kujifungia. N'likuwa n'naogopa, mwanangu. N'kiona n'kienda kwa watu, n'tamlilia babako, na yule maiti wa watu nimpunje machozi yake."

"Na leo umemlilia nani?"

"Babako," akasema. "Na bibi huyu kamlilia mumewe. Hakuna aliyepunjwa."

Wakuu, nililia. Nimesema siongopi, basi na hilo nalisema. Nililia sakafuni kwa watu nisiowajua, na Carmen akawa sasa ana watu watatu wa kuwapepea.

Kisha jirani mmoja akaingia na sinia. Vikombe vidogo, kahawa nyeusi. Mayo akanipiga kiwiko.

"Si umeona? Kahawa ya matanga hii."

Sikumbishia tena. Tukanywa. Ilikuwa chungu kama ya kwetu.

Pilar na Kevo wakatukuta katika hali hiyo. Pilar aliingia na uso wa mtu aliyekuwa na maneno, nami nisingemlaumu. Carmen akamweleza kwa Kihispania. Pilar akazitazama zile jozi mbili za viatu mlangoni, akavua vyake, akaegemeza mwavuli ukutani. Alimpigia dereva simu moja fupi, kisha akaketi karibu na Bi Rafaela, akamsemesha kwa sauti ya chini.

Kevo akauliza, "Sasa mimi naingia ama?"

Mayo akamjibu kwamba wanaume wakae nje na wanaume wenzao. Kevo wa watu akaenda akakaa benchini na wale wazee wa Kihispania. Tulipotoka tulimkuta anaonyeshwa picha za wajukuu, hawasikilizani lugha hata kidogo na wanacheka.

Kabla hatujaondoka mayo aliinua viganja akaomba dua. Aliomba kwa Kidigo, maneno yanayotoka yenyewe, Mungu ampe subira mjane huyu na nyumba yake. Wale wanawake walisimama kimya. Alipojipangusa uso kusema amina, wao wakafanya ishara yao ya msalaba. Bi Rafaela akambusu mashavu yote mawili. Mayo hajazoea mambo hayo, lakini alitulia akabusiwa.

Bi Rafaela alitusindikiza mpaka kwenye kona, anatembea polepole amemshika mayo mkono. Alimwambia kitu kirefu. Nilitaka kumuuliza Pilar, mayo akanizuia.

"Usimsumbue. N'shasikia."

Ndani ya basi nilitegemea lawama, maana tulikuwa tumewachelewesha chakula cha jioni. Kumbe Kevo alishawasimulia kwenye WhatsApp ya group, na aliyetupokea mlangoni ni dada mmoja wa Nairobi analia bila aibu. Mayo akakaa kitini, akashusha pumzi, akaniambia, "N'na njaa."

Wakuu, sijui kama mnalipata uzito wake. Mwaka mzima Mwanasha anambembeleza kwa wali wa nazi, kwa samaki, kwa mahamri. Nilimtazama mamangu akila usiku ule, sahani ikabaki nyeupe.

Tukarudi nyumbani. Siku za kwanza sikuona tofauti kubwa, isipokuwa alikuwa anakaa kibaraza cha mbele badala ya chumba cha nyuma. Baada ya sala nilikuwa nikimsikia akimtaja Bi Rafaela, anamwita "Rafela," anamwombea subira. Carmen naye hutuma salamu kila Ijumaa, sijui nani alimwambia Ijumaa.

Juzi ikatangazwa msikitini, kuna mama amefariki Funzi. Si ndugu yetu, ni mtu wa kujuana tu. Mimi nilikuwa kazini. Mwanasha ananiambia mayo alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka amevaa buibui na leso ya kazi chini ya kwapa. Akafika mlangoni.

Mayo akageuka, akamwambia, "Wangojani? Nifuate."

Yale magoti yaliyokuwa hayafiki mtaa wa pili yakapanda boti mpaka Funzi.

Kwa hiyo ninaandika haya nimekaa peke yangu nyumbani, nimekula mkate na chai siku ya pili sasa. Nimepiga simu kuuliza watarudi lini. Nyuma nasikia masufuria, nasikia mayo anamwamrisha mtu alete kuni kavu. Akachukua simu, akaniambia tu, "Matanga yakianuliwa," akakata.

Nilichojifunza nawaachia, mkiona kina faida mkichukue. Ukisafiri na mzazi, mwache atembee mwendo wake, huenda anaona njiani usichokiona wewe. Na mkono wa pole, wakuu, usiogope kuutoa kwa sababu umechelewa. Kuna mtu pengine jirani yako amekaa na watu kila jioni na hajawahi kupewa.

Uwanja ni wenu. Wenye maswali ya safari niulizeni, wenye kunicheka kwa kumpoteza mzazi chekeni, ni haki yenu.

Lakini kama humu ndani kuna aliyezika wakati ule wa korona na hakujiwa na mtu, tafadhali andika hapa chini, hata neno moja. Usitueleze kitu kama hutaki. Tutapita mmoja mmoja tukupe mkono.

Naanza mimi: pole sana.